SOMO LA GITAA: Skeli ipi upige juu ya G7 na kodi nyingine za saba

Wakuu, swali la "kodi ya saba inapigiwa skeli gani?" linaletwa kila wiki. (Kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja; skeli ni ngazi ya noti unazopigia solo juu yake.) Leo naliandika lote hapa, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Ukitaja G7 tu sina jibu, mpaka uniambie inakwenda wapi, yaani kodi gani inaifuata.

Hatua ya 1. Zijue noti zake: G, B, D, F. Mliotoka kwaya, do ikiwa C hizo ni so, ti, re, fa.

Hatua ya 2. Shika G7 ya freti ya 3, kidole cha shahada kikiwa kimelala juu ya nyuzi zote. Uzi wa tatu freti ya 4 kuna B, uzi wa nne freti ya 3 kuna F. Mvuto wote umo humo: B inapanda freti moja kuwa C, F inashuka freti moja kuwa E.

Hatua ya 3. G7 inakwenda C meja? Piga skeli ya C meja, ila tulia kwenye noti za G7. Ndiyo miksolidia hiyo, yaani C meja ukiianzia G. Noti C ipitie tu, maana inagombana na B. Kwa dansi na nyimbo nyingi za kanisani hapa panatosha.

Hatua ya 4. G7 inakwenda C maina. Someni polepole, hapa ndipo solo nyingi zinapoharibika. Vidole vimezoea C meja, vinapita kwenye E na A kama kawaida, halafu C maina inaingia na E flati yake (E iliyoshushwa freti moja) na kila mtu anageuka kukutazama. Chukua C maina ya hamonia, uianzie G: G, A flati, B, C, D, E flati, F. Angalia, ile F ya uzi wa nne sasa inashuka freti mbili, hadi freti ya 1. Onyo: usiweke B flati mahali pa B, ukituliza hapo mvuto unakufa. Onyo la pili: kutoka A flati hadi B ni freti tatu, na ukipanda na kushuka hapo mfululizo wimbo wote utanuka taarab, kwa sababu skeli hii ni jirani kabisa wa maqam Hijaz, ngazi ya noti ya muziki wa Kiarabu. Ni tamu, lakini uikusudie. Na kama wimbo huujui, piga zile noti nne za kodi usubiri.

Hatua ya 5. Kodi ya saba inayorudi nyumbani (kodi kuu ya wimbo) kwa mlango mwingine, mfano Bb7 au Db7 (b ni flati) kwenda C: miksolidia yake, noti ya nne ipandishe nusu, yaani freti moja. Kwenye Bb7, piga E badala ya E flati.

Hatua ya 6. Ukitaka ukali, piga A flati maina ya melodia juu ya G7: G, A flati, B flati, B, D flati, E flati, F. Wanajazi wanaiita alterdi. Haina A, D wala E, kwa hiyo elewaneni kwanza na mpiga kinanda. Akishikilia G13 yenye E, nawe ukatulia kwenye E flati, mtaumizana.

MASWALI

– Mkuu, naomba PDF ya skeli zote.
Sina. Chukua gitaa, anza hatua ya 2.

– Mbona mimi napiga pentatoniki (skeli ya noti tano) ya G maina juu ya kila kodi na inakubali?
Kwenye bluzi inakubali, kwa sababu G7, C7 na D7 pale kila moja inaweza kukaa kama nyumbani. Ila jaribu hili: ongeza B wakati wa G7, ishushe iwe B flati C7 inapoingia. Msikilizaji atasikia kodi zinabadilika hata besi ikinyamaza.

– Somo lina kasoro. Kuna wimbo napiga, C inatulia vizuri kabisa.
Umeiangalia kodi yenyewe? Kama ni G7sus4 (G7 yenye C mahali pa B) haina B ya kugombana nayo. Mimi nimeandika G7.

– Nimeandika noti za alterdi ya G, kisha za Db7 kwa hatua ya 5. Zimetoka zilezile. Nimekosea wapi?
Hujakosea, umefika mbali. Hamisha umbo la hatua ya 2 hadi freti ya 9, hiyo ni Db7. Uzi wa nne sasa una B, uzi wa tatu una F. Ni noti zilezile mbili, zimebadilishana nyuzi tu. Ndiyo maana wanajazi huweka Db7 mahali pa G7, na besi inateremka nusu hatua kuingia C.

– Kuna wanaofikiria maina tu kila mahali, ni kweli?
Kweli. Mpiga gitaa wa jazi Pat Martino wa Philadelphia (1944–2021) alifundisha hivyo. Juu ya G7 fikiria D maina, ukitaka ukali fikiria A flati maina. Umbo moja: freti ya 10, kisha ya 4.

– Nyongeza: mimi hurekodi G7 na C kwa simu, nazungusha, napigia juu yake.
Safi sana, ndugu. Rekodi na nyingine ya G7 na C maina, uzipige kwa kupokezana bila kusimama. Hatua ya 4 itakaa vidoleni.