SOMO: Namna ya kujua kama sarafu yako ya Uingereza ni adimu kweli, na kama si feki

Wakuu, kila wiki ni picha ileile yenye ukungu na swali lilelile: "Hii naweza kuuza bei gani?" Naandika mara moja, baada ya hapo nitakuwa naelekeza watu hapa.

Vifaa: mzani wa sonara unaosoma hadi gramu 0.01, kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo na unene), lenzi ya kukuza mara 10 na sumaku. Mzani wa jikoni haufai, unasoma gramu nzima tu.

1. Shika sarafu kwa ukingo, si kwa uso.

2. USIISAFISHE. Si kwa ndimu, si kwa siki, si kwa dawa ya meno. Mng'ao unaoupata ni mikwaruzo midogo, na mnunuzi mzoefu anaiona papo hapo.

3. Soma pande zote mbili: thamani, mwaka, kichwa cha nani, herufi ndogo chini ya shingo.

4. Tafuta idadi iliyotolewa. Royal Mint (kiwanda cha sarafu cha Uingereza) hutangaza idadi ya sarafu zilizoingia mzunguko. Peni 50 ya Kew Gardens ya 2009 ni 210,000. Ya samaki samoni ya 2023, yenye kichwa cha Mfalme Charles, ni 200,000. Pauni 2 za Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002 ziko aina nne, na yenye bendera ya Ireland Kaskazini ndiyo chache zaidi: 485,500.

Hapa ndipo watu wanaumia. Idadi hiyo ni ya sarafu za mzunguko tu. Kew ilitolewa tena 2019 ndani ya seti za wakusanyaji, na hiyo si ile ya 210,000. Tofauti iko upande wa kichwa: ya 2009 ina sura ya Malkia iliyochorwa na Ian Rank-Broadley, herufi IRB chini ya shingo, ya 2019 ina sura ya mwisho, herufi JC. Muuzaji akikutumia picha ya upande wa pagoda (mnara uliochorwa kwenye sarafu ya Kew) peke yake, muombe upande wa pili kabla hujatoa hata senti.

Pia, zilizotolewa si zilizobaki. Pauni ya dhahabu (sovereign) ya London ya 1917 ilitengenezwa zaidi ya milioni moja, lakini nyingi ziliyeyushwa, na leo ni ngumu kuipata. Ya 1917 kutoka Australia ni ya kawaida. Kinachozitenganisha ni herufi moja ndogo kwenye ardhi chini ya farasi, juu ya tarakimu za mwaka: S ni Sydney, M ni Melbourne, P ni Perth. Ya London haina kitu. Kwa hiyo 1917 "isiyo na herufi" ikaguliwe kwa lenzi mahali hapohapo, maana herufi hukwanguliwa.

5. Sumaku. Peni 50, pauni 2 na sovereign hazivutwi. Ikinasa, hadithi imeisha. Peni 1 na 2 za kabla ya 1992 ni shaba, hazinasi; za baadaye kwa kawaida ni chuma kilichopakwa shaba, zinanasa. Peni 5 na 10 za miaka ya karibuni nazo ni chuma, msishtuke.

6. Pima uzito NA kipenyo NA unene. Kimoja peke yake hakitoshi: metali nyepesi inaweza kufikishwa uzito sahihi kwa kunenepesha sarafu, na kalipa ndiyo inayoumbua.

Peni 50 (tangu 1997): gramu 8.00, mm 27.3, unene mm 1.78
Pauni 2: gramu 12.00, mm 28.4, unene mm 2.5
Sovereign: gramu 7.98, mm 22.05

Iliyochakaa ikisoma 7.9 badala ya 8.00 haina neno. Ikisoma 7.4, rudisha. Peni 50 ina pande saba zilizopinda kiasi kwamba upana wake ni uleule popote unapoibana: izungushe ndani ya kalipa, namba isibadilike. Feki za kumiminwa kwenye kalibu mara nyingi hufeli hapa.

7. Lenzi. Sarafu halali imegongwa kwa mhuri: herufi zina kingo kali, uwanja (sehemu isiyo na mchoro) ni laini. Ya kumiminwa ina vishimo vidogo kama vya uji uliochemka, herufi zimevimba, na wakati mwingine kuna mstari wa kuunganisha ukingoni. Halafu igeuze kama ukurasa wa kitabu: kwa sarafu za leo pande zote mbili zisimame wima.

8. Bei. Angalia ZILIZOUZWA, si zinazoombwa. Mtu yeyote anaweza kuandika pauni 5,000 kwenye tangazo.

MASWALI

Swali: Nina peni 2 imeandikwa NEW PENCE. Wanasema ni utajiri.
Jibu: Mwaka?

Swali: 1979.
Jibu: Thamani yake peni 2. Zote za 1971 hadi 1981 zina maneno hayo. Inayotafutwa ni ya 1983 tu, na hiyo ilitokea kwenye seti za wakusanyaji.

Swali: Pauni 2 yangu maandishi ya ukingoni yako juu chini. Ni kosa la kiwandani?
Jibu: Si kosa. Maandishi huwekwa kabla sarafu haijagongwa, nayo huingia kwenye mashine upande wowote. Karibu nusu ya pauni 2 ziko hivyo.

Swali: Peni 20 yangu haina mwaka kwa nyuma, nipo sahihi kuwa ndiyo ile adimu isiyo na mwaka?
Jibu: Ulisoma hatua ya 3? Tangu muundo wa ngao wa 2008 mwaka umehamia upande wa kichwa. Adimu ni ile yenye ngao nyuma NA kichwa kisicho na mwaka, kwa sababu mhuri wa zamani wa kichwa ulioanishwa na ngao mpya. Geuza sarafu yako.

Swali: Mkuu, umesahau peni 50 ya 1992-93, ile ya meza yenye viti na nyota. Ni 109,000 tu.
Jibu: Sahihi kabisa, na ahsante. Hiyo ni ya umbo kubwa la zamani, gramu 13.5 na mm 30, lililoondolewa kwenye mzunguko 1998. Ndiyo maana hutaipata kwenye chenji. Anayeipima kwa vipimo vya hatua ya 6 ataiita feki bure.

Swali: Bibi yangu Unguja alikuwa na sovereign kwenye kidani. Naweza kujua ni dhahabu bila kuikwangua?
Jibu: Swali zuri. Itoe kwanza kwenye fremu. Weka glasi ya maji juu ya mzani, rudisha usomaji hadi 0. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, na ondoa mapovu, maana yanaongeza namba. Sovereign ya karati 22 itasoma karibu 0.45 au 0.46. Gawa uzito wake mkavu kwa namba hiyo, upate karibu 17.5. Ikisoma 0.9, ni shaba iliyopakwa. Tahadhari mbili: zipo feki za zamani zilizotengenezwa kwa dhahabu halisi, hizo maji hayazikamati, ni lenzi tu. Na kama iliwahi kulehemiwa kitanzi, alama ile inaishusha hadi bei ya dhahabu yake.

Swali: Nina senti 10 ya tundu ya East Africa, 1936, jina la Edward VIII. Huyu alijiuzulu kabla ya kutawazwa, si lazima iwe adimu sana?
Jibu: Hoja yako ina mantiki, lakini hapana. Sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuwahi kuingia mzunguko. Peni 3 ya pande kumi na mbili ya 1937 ndiyo maarufu, nazo ni chache mno. Za kwetu zenye tundu hazikuhitaji sura, jina tu, kwa hiyo ziligongwa kwa wingi kabla hajaondoka Desemba 1936. Angalia kama ina herufi: H ni Heaton wa Birmingham, KN ni King's Norton, bila herufi ni Royal Mint. Zikusanye zote tatu, seti yake ni rahisi kuikamilisha.

Swali: Nipe bei ya sarafu zangu, picha hizi hapa (14).
Jibu: Hatua ya 3 hadi ya 8.