Namna ya kukinai, yaani kuridhika, pesa ikiwa mkononi

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu Mwanakwerekwe, hapa Unguja. Kila Ramadhani likiingia kumi la mwisho silali, nguo za Idi zimepangana mpaka juu ya kitanda. Hapo ndipo ninapopata pesa yangu kubwa ya mwaka, na kidogo tena karibu na Krismasi. Kwa miaka mingi pesa ile ilipita tu mikononi mwangu ikaishia kwenye maduka ya Mlandege, na siku ya ada ya skuli natafuta wa kunikopesha. Namwandikia Mkristo mwenzangu anayesali, anayetoa sadaka, na bado pesa haikai.

Anza kwa kufungua sanduku. Toa kila kitu, kiweke kitandani, hesabu. Mimi nilikuta vitambaa 17 ambavyo mkasi haujavigusa. Vitenge, satini, doti mbili za kanga ambazo hata kukatwa na kupindwa bado. Chini kabisa palikuwa na hariri ya zambarau niliyoinunua kwa shilingi 60,000. Nilipoinyanyua mbele ya dirisha, jua lilipita kwenye vitundu vidogo vidogo kama limepita kwenye chekeche. Nondo. Mathayo 6, panaposema nondo huharibu hazina za duniani, nimeisoma tangu utotoni, lakini asubuhi ile ndiyo nilijua kwamba Bwana alikuwa anasema habari za sanduku langu.

Kisha chukua daftari, na kwa mwezi mzima andika kila unachonunua ambacho si chakula, dawa wala nauli. Bei andika, ila muhimu zaidi andika ulikuwa na nani. Daftari langu lilinionyesha jambo nisilolitegemea: vitu nilivyonunua kwa kuvitamani vilikuwa vichache. Vingi nilivinunua kwa muhali, yaani kwa kuona haya kukataa.

Muhali tunaujua sote. Anakuja mtu na kipande cha kitambaa ukubwa wa kiganja, anakiweka mapajani mwako: "Hii ndiyo sare yetu ya harusi, wahi, dukani kimebaki kidogo." Hapo hukuulizwa kama unataka. Ukikataa unaona umemkataa yeye na mama yake na bibi harusi. Basi unasema "nitaangalia", na kwetu "nitaangalia" imeshahesabiwa kuwa ndiyo. Kwa mwaka mmoja niliandika sare tano, mbili za mambo ya kanisani.

Jibu lazima uwe nalo mdomoni kabla mtu hajabisha hodi, kwa sababu muhali haukupi nafasi ya kufikiri. Langu ni hili: "Dada, harusi nakuja, na jikoni nakuja tangu alfajiri. Sare safari hii sichukui." Sema papo hapo, na utaje kile utakachotoa, iwe mikono yako au muda wako, kisha ukitimize. Mara ya kwanza sauti ilinitetemeka. Nilikwenda na kanga yangu ya zamani, nikamenya vitunguu mpaka macho yakavimba, na mama wa bibi harusi alinishika mkono wakati wa kuondoka. Yupo mmoja aliyeninunia miezi miwili. Niliumia, nikamwombea kwa jina kila usiku, na leo tunasalimiana.

Paulo, akiwa kifungoni, anawaambia Wafilipi kwamba "nimejifunza" kuwa radhi. Neno hilo limenisaidia kuliko mahubiri mengi. Kushona nilijifunza kwa kufumua, na kuridhika vilevile. Jirani yangu Mwislamu anaita kukinai, na tunaposhinda barazani hilo tunaelewana bila kubishana.

Siku unayolipwa, usipite sokoni na pesa. Mimi nikimaliza hesabu na wateja sitoki mpaka nimegawa: fungu la kumi kwenye bahasha, kodi, ada, halafu kibubu. Kibubu changu ni cha mbao, kimepigwa misumari pande zote, anakiweka dada yangu. Kinachobaki ndicho cha kula, na Darajani naenda na orodha.

Ukiona kitu ukakitaka kwa moyo wako mwenyewe, kiandike nyuma ya daftari na ukingoje siku saba. Katika siku hizo omba sala ya Mithali 30, kupewa chakula kilicho kadiri yako. Vingi nilivyoandika nilivisahau. Kimoja, taa ya cherehani, sikukisahau. Nilikinunua na nikashukuru, maana kuridhika si ubahili. Vivyo hivyo msiba na ugonjwa wa jirani usiviwekee siku saba. Toa.

Mkopo wa kununulia nguo acha kabisa. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye. Mimi nimeusikia mstari huo ukisomwa Mkunazini, katika kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Inasimuliwa kwamba madhabahu imekaa pale ilipokuwa nguzo ya kuchapia watu. Siyafananishi mateso yao na deni langu la kitenge. Lakini siku ile nilikuwa nimevaa nguo ambayo bado nadaiwa, na nilishindwa kunyanyua macho. Wiki ileile nilikwenda dukani kupanga namna ya kulipa, 5,000 kila Jumamosi, mpaka likaisha.

Vile vitambaa sikuviuza. Nawashonea wasichana wa kipaimara ambao mama zao hawana uwezo, mmoja baada ya mwingine. Sandukuni vimebaki vinne. Cha buluu nakikata Jumamosi, mwenyewe ana miaka 14 na mabega mapana, na ameomba mikono mirefu.