Mota inachemka kwenye draivu: mambo ya kuzingatia kabla hujaifungua

Ukipigiwa simu kwamba mota imechemka na draivu (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota) imezima, uliza kwanza kwenye skrini kumeandikwa nini. Alamu za joto ziko mbili, na mafundi tunazichanganya sana. Moja hutoka kwa themista (vihisi vya joto) zilizofukiwa ndani ya koili: hilo ni joto lenyewe. Nyingine draivu inajipigia hesabu kutokana na ampea zinazopita; mota yenyewe haijaigusa. Kwa hiyo beba kipimajoto. Niliwahi kukuta pampu imezimwa mara nne asubuhi moja na bodi ya mota ni vuguvugu tu. Mota ya kilowati 4 ilikuwa imebadilishwa ikawekwa ya 5.5, lakini kwenye draivu zimebaki ampea za ile ya zamani.

Beba na kitambaa cha kufutia kibao cha mota, kisha kipige picha. Iliyoandikwa 230/400 kwenye umeme wa volti 400 hufungwa sta. Ikifungwa delta, ile namna nyingine ya kuunganisha koili, itaungua. Angalia pia Hz (masafa ya umeme): draivu iliyoachwa kwenye 60 huku mota ni ya 50 huinyima volti, nayo hujazia kwa kuvuta ampea nyingi.

Swali ambalo mwendesha mashine haulizwi ni hili: huwa unaiendesha kwa Hz ngapi? Feni ya nyuma imefungwa kwenye shafti ileile. Mota ya mizunguko 1,450 kwa 50 Hz, ukiishusha hadi 15 Hz feni inazunguka kama mara 435 kwa dakika, upepo hakuna. Pampu haiumii sana, kwa sababu mzigo wake nao unashuka. Konveya iliyojaa mahindi haina huruma hiyo. Ampea zinabaki zilezile. Hapo panga mapema feni ya pembeni yenye umeme wake, maana kubadilisha mota peke yake ni kuahirisha tatizo.

Mega (kipima insulesheni ya koili) ichukue, ila kebo ya mota ichomoe kwenye draivu kabla ya kupima, la sivyo utaiua draivu. Na ukizima umeme, subiri dakika zilizoandikwa kwenye draivu, kisha pima vituo vya DC kwa multimita ndipo uguse. Kapasita hubaki na chaji. Mwisho, beba brashi ngumu ya kusafishia mapezi ya kupoozea mota. Kwenye mashine za unga nimeshakuta pumba zimejaa kati ya mapezi hadi hayaonekani.