Wani ya ngapi? Achana nayo, hesabu pointi za TCU kwanza

Matokeo ya fomu siksi yakitoka tu, mtaa mzima wa Ngamiani utasikia fulani kapata wani ya nane, yaani divisheni wani kwa pointi 8, na wazee wa barazani washampa udaktari hapohapo kahawa haijapoa. Sasa we unayeomba chuo usiende na hesabu ya baraza, maana chuo kinaangalia pointi za TCU, ile tume ya vyuo vikuu, na zile zinakwenda kinyume kabisa na za Necta, baraza la mitihani.

Necta A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, namba ikiwa ndogo ndo umefaulu. TCU A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu, hapa unataka namba kubwa. Kama masomo yako matatu ya kombi yote yana E kwenda juu, chukua 18 toa pointi zako za Necta, basi. Wani ya 8 inakuwa 10, tuu ya 12 inakuwa 6. GS (General Studies) na BAM (ile hesabu ya ziada) hazimo.

Ukishajua pointi zako pakua kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka huuhuu, sio PDF ya bro wako, na kiwe cha waliomaliza fomu siksi kwasababu wa diploma wana chao. Soma sifa za kozi mpaka mstari wa mwisho, kuna kozi zinadai na pasi za fomu foo. Halafu angalia inataja masomo gani, uhandisi kwa mfano mara nyingi wanaanza na Mathe na Fizikia, kwahiyo A yako ya Kemia kamfurahishe bi mkubwa lakini haifuti F ya Mathe.

Hapa ndo wengi wanapojidanganya: kile kiwango cha chini kinakuruhusu kuomba tu. Udaktari wanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia (kombi ya PCB), pointi 6 za TCU, yaani D tatu, sawa, ila chuo cha Muhimbili kinaombwa na nchi nzima wakiwemo wenye A na B za kumwaga, wanapanga kuanzia juu nafasi zikijaa wamefunga. Kwahiyo tazama na safu ya idadi ya nafasi, kisha ulizia walioingia mwaka jana kwa kombi yako wana pointi ngapi, usiulize mmoja, na muulize aliingia awamu ya kwanza au ya pili.

Mi naona mwenye PCB ya 8 au 9 za Necta aiombe Muhimbili kama roho inataka, ila asijaze MD (digrii ya udaktari) kila mahali, aweke na uuguzi au maabara, aombe na vyuo vingine. Bugando na KCMC wana udaktari pia ila ni vya taasisi za dini, ada sio ya chuo cha serikali, kaa na wazee nyumbani muongee hela mapema, mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, unaombwa kivyake.

Na ukienda kujaziwa steshenari kaa hapohapo uangalie skrini, hakikisha namba ya simu na imeili ni zako sio za yule kijana wa kompyuta, maana ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja utatakiwa uthibitishe kimoja kwa kodi, yaani namba ya siri, inayokuja kwa meseji, na muda wake una mwisho.