Kuchora upepo wa ukingo wa Newala kwa WindNinja
Afisa ugani mmoja wa Newala, mji ulio ukingoni mwa uwanda wa Makonde kusini mwa Tanzania, alitaka kujua unga wa salfa unaopulizwa kwenye mikorosho unapeperukia wapi kusi ikivuma. Nilimwelekeza hivi.

1. Weka kwenye kompyuta WindNinja, programu ya kukokotoa upepo, na QGIS, programu ya ramani, zote za bure. WindNinja ilitengenezwa na watafiti wa moto wa misitu wa Marekani kwa ajili ya maeneo ya milima, na kwa kazi hii siioni mbadala.

2. Pakua data za mwinuko za SRTM, zile zilizopimwa mwaka 2000 kutoka angani. Kila kijiraba (pikseli) chake kina upana wa mita 30 hivi.

3. Igeuze ramani kutoka digrii kwenda mita. Hapa ndipo wengi hukwama, twende taratibu. Ndani ya QGIS chagua UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kanda ya 37 kusini, namba 32737 (EPSG). Ile 32637 ni ya kaskazini. Ili uhakikishe, weka kishale juu ya mji wa Newala: kipimo cha kaskazini kisomeke karibu na 8,790,000. Ukiona alama ya kutoa, umeshika kanda ya kaskazini. Na kama mipaka ya shamba umeitoa kwenye ramani za zamani za Arc 1960, mfumo wa vipimo usiolingana na huu, igeuze nayo, la sivyo shamba litahama mita 300 hivi, na hapo ukingoni hizo zinatosha kukutoa juu ya uwanda hadi mteremkoni.

Bado. Ramani ikigeuzwa huinama kidogo, na kwenye kona hubaki vipande vitupu visivyo na data. Ukiviacha, hesabu haitaenda. Kata mstatili ulio ndani yake, lakini ubakize kilomita kadhaa kila upande wa shamba. Matokeo ya pembezoni mwa ramani si ya kuamini.

4. Ingiza upepo. Namba ya digrii ni ya upande unakotoka: kusi andika 150, usiandike 330. Kimo cha upepo mita 10 juu ya ardhi, uoto miti.

5. WindNinja ina hesabu mbili: ya haraka, na ya momenta (momentum). Chagua ya momenta, hata kama ni ya polepole. Ukingo wa magharibi umeupa kusi kisogo. Hewa ikivuka pale huweza kuachana na mteremko na kujizungusha chini yake. Hesabu ya haraka haiuoni mzunguko huo, itakuchorea mishale inayoshuka kwa utulivu.

6. Fungua matokeo kwenye Google Earth. Kisha funga utepe kwenye mti ukingoni na mwingine bondeni, uzitazame tepe hizo kusi ikivuma, uone kama zinalingana na mishale. Salfa hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande, kwa hiyo rudia hesabu ukiwa umewasha upepo wa miteremko (diurnal), na saa uweke ya alfajiri.