Cheti cha mazingira kabla ya zege: namna ya kukiomba ukiwa Dar es Salaam

Simu nyingi ninazopigiwa na wenye viwanda vidogo huja kwa kuchelewa. Mtu ameshamwaga zege, mashine imeshashushwa, umeme wa njia tatu umeshavutwa, ndipo anauliza: "Kaka, cheti cha mazingira kinaombwaje?" Kinaombwa mwanzo, ndugu yangu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 81, inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza wala kugharamiwa. Kifungu hichohicho kinasema kibali au leseni uliyopata kwa sheria nyingine haikuruhusu kuendelea na mradi bila cheti hiki. Kwa hiyo hata kama usajili wa kampuni kutoka BRELA, namba ya mlipakodi (TIN) ya TRA na leseni ya biashara vyote unavyo mkononi, bado hujamaliza.

Mimi nilipita njia hii na washirika wangu wawili, tulipotaka kufungua kiwanda kidogo cha kusaga makopo ya plastiki, haya ya maji na soda yanayookotwa mitaani. Vijana wanaookota wanahitaji mnunuzi, na jiji linahitaji makopo yatoke kwenye mitaro. Lakini maji ya kuoshea makopo, yakiachwa yajiendee, yanauchafua mtaro uleule uliosafishwa na vijana hao. Nitaeleza kwa mpangilio tulioufuata, pamoja na pale tulipokosea.

Eneo kwanza

Usilipe kodi ya mwaka kwa sababu dalali amekuambia "hapa viwanda ruksa". Nenda idara ya mipango miji ya manispaa yako uulize kiwanja kimepangwa kwa matumizi gani. Kiwanja cha makazi hakigeuki cha viwanda kwa sababu mwenye nyumba amekubali. Mabadiliko ya matumizi yana utaratibu wake na yanakula muda.

Kisha pima umbali wako na maji. Kifungu cha 57 cha sheria hiyohiyo kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Hapa Dar jambo hili si la kwenye karatasi tu. Waliokuwa bonde la Msimbazi wakati wa mafuriko ya Desemba 2011, au walioona nyumba zikibomolewa Desemba 2015, wanajua gharama yake. Mimi humshauri kila mtu alitembelee eneo siku ya mvua, avae mabuti asimame pale nusu saa aone maji yanatoka wapi na yanaingia kwa nani. Kama unafikiria kuchimba kisima, kibali chake kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, nacho ni ombi jingine.

Mtaalamu elekezi

Tathmini haiandikwi na mwenye mradi. Inafanywa na mtaalamu elekezi, au kampuni, aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Hapa ndipo tulipoumia. Tulimlipa kijana mmoja mwenye maneno matamu na kompyuta nzuri, akatuletea ripoti ya kurasa nyingi. Ndani yake mradi wetu ulikuwa kando ya ziwa. Alikuwa amenakili kazi ya mkoa mwingine, na usajili hakuwa nao. Fedha haikurudi.

Mwombe cheti chake cha usajili, kisha hakikisha kwenye Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambalo wengi wetu tunaliita NEMC, kwamba usajili huo bado ni hai. Andikianeni mkataba, na malipo yaende kwa awamu kufuata hatua za kazi. Na asiyetaka kufika eneo la mradi usimpe kazi.

Kusajili mradi

Mradi husajiliwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Baraza, na kwa kawaida mtaalamu wako ndiye anayepakia nyaraka. Andaa mapema hati ya kiwanja au mkataba wa pango, usajili wa kampuni, TIN, ramani ya eneo na michoro, pamoja na muhtasari wa mradi unaosema wazi mtatumia malighafi gani, maji kiasi gani kwa siku, na taka zitakwenda wapi. Usipunguze ukubwa wa mradi ili uonekane mdogo. Wakaguzi wakifika wakakuta mashine mbili badala ya moja uliyoandika, mtarudi mwanzo.

Baada ya hapo mradi unachujwa. Kundi A ni miradi inayolazimika kufanyiwa tathmini kamili. B1 ni ya katikati, na B2 ni midogo isiyohitaji tathmini kamili. Kundi lako usijipangie mwenyewe, subiri barua. Ukiangukia kwenye tathmini kamili, mtaalamu huandaa ripoti ya upeo (mambo gani yachunguzwe) na hadidu za rejea (mwongozo wa kazi hiyo), na zikikubaliwa ndipo utafiti unaanza. Malipo yoyote ya serikali yafanyike kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo. Anayekuomba utume kwenye simu yake, mwache.

Majirani

Sheria inataka wananchi washirikishwe, na hatua hii ndiyo watu wengi huifanya kwa kupitisha karatasi ya saini. Msifanye hivyo. Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa kata, ombeni mkutano, mwende wenyewe.

Sisi tulikaa kwenye mabenchi nje ya ofisi ya mtaa, watu kama arobaini. Tulieleza ajira, tukaeleza usafi, wakapiga makofi. Kisha mama mmoja mtu mzima, anayeuza maandazi karibu na uzio wetu, akanyoosha kidole kwenye mtaro akauliza: "Maji ya kuoshea hayo makopo, wanangu, yatapita wapi? Maana wakati wa masika watu wanatapisha vyoo humu humu, na yote yanaingia kwangu." Tulitazamana. Mchoro wetu ulikuwa na bomba moja tu, nalo lilimwaga moja kwa moja kwenye mtaro ule.

Swali lake liliubadilisha mradi. Mchoro mpya ulikuwa na mashimo matatu ya kutulizia maji yaliyounganishwa: la kwanza linakamata mchanga na karatasi za lebo, la pili tope jembamba, la tatu lina pampu inayorudisha maji kwenye beseni la kuoshea. Gharama iliongezeka, sitaficha, tukaahirisha kununua mashine ya pili. Lakini bili ya maji ilishuka, na mama yule hajawahi kuja na malalamiko. Wanaosema masharti ya mazingira yanaua biashara ningewaonyesha lile shimo la tatu. Ni mtaji kama mashine ilivyo mtaji, na tathmini inautaja mapema wakati bado unaweza kuupangia bajeti.

Ripoti, ziara, cheti

Ripoti ikiwasilishwa, maofisa hutembelea eneo, na kamati ya wataalamu kutoka sekta mbalimbali huipitia. Utapewa hoja za kurekebisha. Zijibu moja moja kwa maandishi. Kitu cha kusoma zaidi ni mpango wa usimamizi wa mazingira ulio ndani ya ripoti, kwa sababu huo ndio utakaokaguliwa nao. Usiruhusu mtaalamu aahidi kwa jina lako jambo usiloweza kulilipia.

Kama kiwanda chako tayari kinafanya kazi bila cheti, usikimbie. Njia yako ni ukaguzi wa mazingira, nao hufanywa na mtaalamu aliyesajiliwa vilevile. Kujitokeza mwenyewe ni afadhali kuliko kusubiri kufungiwa.

Cheti kikitoka kinakuja na masharti, na zipo ada za kila mwaka na taarifa za ufuatiliaji. Ukiuza mradi, umiliki wa cheti nao unapaswa kuhamishwa kwa utaratibu. Kwetu nakala ya masharti imebandikwa ukutani juu ya swichi kuu, ikiwa na safu ya tarehe na saini kwa kila siku tunayotoa tope kwenye shimo la kwanza, na fundi wa zamu hawashi mashine kabla hajaangalia saini ya mwisho ni ya lini.