Adimu ipi? Kuchagua neno la Kiingereza kwa kitu kisichotosha

Julai moja kijana anayeuza samaki pale Feri alikuja ofisini kwangu, simu mkononi. Ana mteja wake, mpishi wa hoteli huko Masaki. Siku hizo kusi lilikuwa linavuma, mashua ndogo haziendi mbali, na nguru hawapatikani. Akamwandikia mpishi kwa Kiingereza: "Kingfish is rare." Mpishi akamrudishia swali: kwani huyo samaki amezuiwa kuvuliwa?

"Mama, mimi nimesema tu nguru ni adimu," akaniambia. "Kamusi ndivyo inavyosema."

Kamusi haikumdanganya. Adimu yetu ni pana, inabeba kito cha thamani na inabeba sukari ya dukani. Kiingereza kimeligawa shamba hilo vipande, na kila kipande kina mwenyewe. Natafsiri na kuchapa barua za watu hapa Mwenge mwaka wa kumi na tisa sasa, na barua iliyoharibika kwa neno moja la namna hii huniuma, kwa sababu aliyeileta huwa ameiwekea matumaini. Basi nakueleza ninavyochagua.

Anza kwa kujiuliza: yupo mtu anayekisubiri? Kama yupo, na kilichopo hakimtoshi, neno lako ni "scarce". Neno hili haliendi bila mhitaji. Nyuma yake kuna ndoo zilizopangwa na bei inayopanda. Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua na Dar ikaingia kwenye mgao wa maji, maji yalikuwa "scarce". Huwezi kuyaita "rare" huku bahari nzima unaiona ukiwa Coco Beach. Na "scarce" huja na kuondoka: mvua ikinyesha, neno linafutika.

"Rare" haihitaji foleni. Tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967 kule Mirerani, na hadi leo inachimbwa huko tu. Hata kesho watu wote wakiacha kuinunua, itabaki kuwa "rare". Silikanti vilevile, yule samaki wa kale anayenaswa mara mojamoja kwenye nyavu za Tanga. Nyama yake ina mafuta mabaya, hakuna mama lishe anayemuulizia, lakini ni "rare" kwa sababu kumwona ni nadra.

Ninapokwama kati ya hayo mawili, najaribu kitenzi chetu. Kama naweza kusema kitu "kimeadimika", yaani jana kilikuwepo na leo hakishikiki, naandika "scarce". Sukari imeadimika, nguru wameadimika. Tanzanaiti haikuadimika, ilizaliwa adimu. Ukiona "nadra" inakaa vizuri mahali pake, andika "rare". Kipimo hiki hakijaniangusha.

Ujumbe wa kijana tukauandika upya: "Kingfish is scarce this week because of the wind." Nikamwonya pia kwamba kwa mpishi "rare" ina maana nyingine kabisa, nyama iliyobabuliwa nje huku ndani ingali nyekundu. Hayo ni maneno mawili yenye asili tofauti yaliyokuja kukutana kwenye tahajia.

Wanafunzi wa uchumi nao wana mtego wao: "scarcity" na "shortage". Kwenye somo lao "scarcity" haiishi, hata kwa tajiri, maana mahitaji daima huzidi njia za kuyatimiza. Mchumi wa Uingereza Lionel Robbins, mwaka 1932, aliueleza uchumi wote kwa msingi huo: watu wana malengo mengi, na njia walizonazo ni chache na kila moja ingeweza kutumika kwa jambo lingine. "Shortage" ni tukio. Kwa bei iliyopo, wanaotaka kununua wanataka kingi kuliko kilicholetwa. Nilikuwa mtoto mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, na mama alikuwa akiniamsha alfajiri nikashike nafasi kwenye foleni ya sabuni. Nilikuwa naweka jiwe chini kushikilia nafasi yangu, kisha nakaa pembeni kulilinda. Ile ilikuwa "shortage". Kwenye insha ya uchumi ukiiita "scarcity", mwalimu atakukata alama, na atakuwa na haki.

Sasa chukua punje kumi za mchele. Nafanya hivi kweli, hapa mezani, mtu akinijia na ripoti ya kikundi. Zitawanye kwenye sinia kubwa. Zimekaa mbalimbali, unaona sinia kuliko mchele. Hiyo ni "sparse", neno linalotoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutawanya. Linahesabu nafasi iliyobaki katikati ya vitu: mahindi yaliyoota hapa na pale, nywele zilizonyonyoka, wakazi wa kijiji ambao kutoka nyumba hadi nyumba ni mwendo. Msitu unaweza kuwa "sparse", pesa haiwi.

Zikusanye punje zilezile, ziweke kwenye sahani mbele ya mtu mwenye njaa. Sasa ni "meagre". Asili yake ni kukonda, na ukilisikia hivyo hutalikosea: mshahara uliokonda, mlo uliokonda. Lina malalamiko ndani yake. Anayelitumia anasema huyu alistahili zaidi ya hapa, kwa hiyo usilitupie kwenye barua ya kumshukuru mfadhili. Wamarekani huliandika "meager". Chagua tahajia moja ubaki nayo hadi mwisho wa barua.

(Haba yetu, kwa Kiarabu, ni punje. Kila nikizikusanya zile kumi nakumbuka kibaba.)

"Scant" huambatana na visivyoshikika: ushahidi, heshima, umakini. Ndugu yake "scanty" anahitaji uangalifu. Kikundi kimoja cha akina mama washonaji kiliniletea ripoti ya wafadhili ambayo mtu mwingine alikuwa ameshaitafsiri. Walitaka kusema vitambaa vyao ni haba. Kwenye karatasi kulikuwa na "scanty clothes". Mwingereza akisoma hapo anaona nguo zinazoacha mwili nje. Wale ni akina mama wa heshima zao, wanashona sare za shule na madera. Niliwaeleza taratibu, mmoja akajifunika uso kwa ncha ya mtandio. Tukaandika kwamba wana "very little fabric", na ripoti ikaenda.

Kwa matangazo, "limited" inatosha: nafasi ni chache kwa sababu kuna aliyeweka kikomo. Dukani sema "we are short of sugar", wala si "sugar is short", kwani hapo umesema sukari ni fupi. Ikiisha kabisa ni "we have run out".

Lakini panapoumiza zaidi pote ni kijineno "a". "Few" na "a few", "little" na "a little". Ukiandika "I have a few friends in Dodoma", unao marafiki kadhaa, utapata pa kulala. Ondoa "a": "I have few friends in Dodoma", na msomaji anakuonea huruma. Idadi inaweza kuwa ileile, watatu. Kinachobadilika ni unatazama kilichopo au unatazama kilichokosekana. Sisi tofauti hiyo tunaibeba kwa namna nyingine: "nina uzoefu kidogo" inaweza kuwa kujisifu kwa adabu, ila "uzoefu nilionao ni mdogo" ni kukiri upungufu. Kwenye barua ya kuomba kazi, "I have little experience" inakufungia mlango. "I have a little experience" inakuacha uingie.

Binti mmoja alikuja na barua ya namna hiyo mwaka jana. Shikamoo, marahaba, akaketi. Amemaliza chuo, anaomba kazi ya mapokezi. "A" yake tulikuwa tumeshairudisha mahali pake, nikashuka hadi mstari wa mwisho: "I work hardly." Alitaka kusema anafanya kazi kwa bidii. Nikamweleza kwamba "hardly" na "scarcely" ni watoto wa ukoo huuhuu wa upungufu, maana yake ni kwa shida sana, karibu na hapana. Na "rarely" ni mara chache. Nikamwomba asome kwa sauti, kwanza "I hardly work", kisha "I work hard", na nikamwambia maana ya kila moja kwa Kiswahili.

Akanyamaza. Kisha akavuta kibodi upande wake, akafuta zile herufi mbili mwenyewe.